Chemsha bongo ya vyakula inahitaji tarehe, na inahitaji muhogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie ukurasa ambao magazeti yetu ya Kiswahili huuchapa mwishoni mwa wiki, ule wenye maswali ya chemsha bongo kuhusu vyakula, asili ya viungo, na hadithi za watu mashuhuri wanaosemekana kubuni mlo huu au ule. Ni ukurasa unaopendwa. Nilifundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na nimewaona wanafunzi ambao hawakugusa kitabu cha kiada wiki nzima wakigombania gazeti ili wajipime kwa maswali hayo. Wazazi huyasoma kwa sauti sebuleni, vijana huyapeleka kwenye mashindano ya shule, na watangazaji wa redio huyarudia asubuhi. Ndiyo sababu nayachukulia kwa uzito. Jambo linalosomwa kwa furaha hukaa kichwani kuliko lile linalosomwa kwa ajili ya mtihani, na likiwa na kosa, kosa hilo nalo hukaa.

Nina malalamiko mawili, na yote mawili yanatokana na mapenzi. La kwanza ni kwamba majibu mengi yanayotolewa ni ngano zilizonakiliwa kutoka huku na kule bila mtu kuuliza ziliandikwa lini mara ya kwanza. La pili, ambalo linaniuma zaidi, ni kwamba maswali yenyewe huzunguka Italia, Ufaransa na Marekani, na msomaji wa Tandahimba, wa Bukoba au wa Wete humaliza ukurasa mzima bila kukutana na chakula alichokila jana usiku.

Nianze na tambi, kwa kuwa swali lake halikosekani. Huulizwa ni nani aliyezileta Italia kutoka China, na jibu linalotolewa ni Marco Polo. Sasa, Marco Polo alirejea Venice mwaka 1295. Mwaka 1279, miaka 16 kabla ya hapo, mwandishi wa hati za kisheria katika mji wa Genoa aliorodhesha mali ya askari mmoja, na miongoni mwa mali hizo kulikuwa na kikapu kilichojaa makaroni. Mapema zaidi, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi, aliyefanya kazi katika kasri la Mfalme Roger II wa Sicily, alieleza kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Ni al-Idrisi huyu huyu ambaye sisi walimu tunamtaja darasani kwa habari zake za Malindi na biashara yake ya chuma. Yaani ushahidi unaoibomoa ngano ya Marco Polo umo katika kazi ya mtu ambaye mwanafunzi wetu wa kidato cha pili anapaswa kuwa amekwisha kumsikia, na bado jibu lisilo sahihi linaendelea kuchapwa. Ngano yenyewe ilivuma baada ya kutolewa mwaka 1929 katika jarida la wenye viwanda vya tambi wa Marekani, ambao walikuwa na bidhaa ya kuuza.

Hapo utaona kwa nini nasisitiza tarehe. Mhariri wa ukurasa hahitaji kuwa mtaalamu wa mapishi ya Italia. Anahitaji miaka miwili tu iliyoandikwa kando kando, 1279 na 1295, na swali lenyewe litajiondoa.

Hadithi ya mchungaji Kaldi, ambaye mbuzi wake walirukaruka baada ya kula buni, ni ya namna hiyo hiyo. Simulizi la wanyama waliokosa usingizi lilichapwa Roma mwaka 1671, wakati watu wa Yemen walikuwa wamekwisha kunywa kahawa kwa zaidi ya karne mbili. Sina ugomvi na ngano hiyo kama itaitwa ngano. Ninachosikitikia ni nafasi iliyochukua. Magharibi mwa Ziwa Viktoria, kwa Wahaya wa Bukoba, kahawa ilikuwapo kabla ya mkoloni, na haikuwa ya kunywa kikombeni. Buni zilichumwa zikiwa bado kijani, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa hadi zikakauka, kisha zikatafunwa. Mgeni akiingia nyumbani alikaribishwa kwa buni za kutafuna. Watu wawili walipochanjiana, walichukua tunda moja la kahawa, ambalo kwa kawaida lina punje mbili ndani yake, na kila mmoja akala punje moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Waganda nao walikuwa na desturi hiyo. Buni za kutafuna zinauzwa Bukoba hadi leo. Niambie, Mhariri, kati ya habari hii na ile ya mbuzi wa Kaldi, ni ipi inayostahili kumfundisha kijana wetu nini maana ya kahawa?

Kuna kosa la aina nyingine ambalo ni gumu zaidi kuligundua, nalo ni pale kisahihisho chenyewe kinapokuwa uongo. Wasomaji wengi wanamfahamu Popeye, baharia wa katuni aliyeonekana gazetini kwa mara ya kwanza Januari 1929, ambaye humeza spinachi ya kopo na misuli ikamtutumka. Ukurasa wa chemsha bongo hupenda kueleza kwamba umaarufu wa spinachi ulitokana na mwanakemia wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyekosea nukta ya desimali, akaipa mboga hiyo madini ya chuma mara kumi ya kiasi chake halisi, na kwamba ndiyo sababu mchoraji alimpa Popeye spinachi. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu yanampa msomaji hisia kwamba yeye amejua siri ambayo wengine hawaijui. Lakini mwaka 2010 mtafiti wa Uingereza, Mike Sutton, alifuatilia chanzo cha habari hiyo, na hakupata uthibitisho wa nukta iliyokosewa. Alichokuta ni kwamba Popeye mwenyewe, katika katuni ya mwaka 1932, alisema anakula spinachi kwa sababu ya vitamini A. Suala la chuma halikutajwa.

Vitamini A inanipeleka kwenye karoti. Inadaiwa kwamba marubani wa Uingereza waliziangusha ndege za Wajerumani gizani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu walikula karoti nyingi. Wenye mamlaka wa Uingereza waliieneza habari hiyo wenyewe, wakamtukuza rubani John Cunningham kwa macho yake makali, huku ndege zao zikiwa zimefungwa rada ambayo hawakutaka ijadiliwe hadharani. Jambo la kweli lililofichwa ndani ya propaganda hiyo ni kwamba mtu aliyepungukiwa vitamini A hupata upofu wa usiku, na mtoto akipungukiwa sana anaweza kupofuka kabisa au kufa kwa maradhi ambayo mwenzake angeyashinda. Hili si jambo la kuburudishia. Ni jambo la nyumba zetu. Na hapa ndipo swali zuri lilipo, ambalo sijaliona likiulizwa: ni mtafiti gani wa Uganda aliyeshiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016? Ni Robert Mwanga, aliyetambuliwa pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Yeye, Andrade na Low walituzwa kwa kazi ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hivi ambavyo mabwana shamba na mabibi shamba wetu huviita viazi lishe. Rangi ile ndiyo vitamini A yenyewe kabla mwili haujaibadilisha. Kiazi kimoja kama hicho, kilichochemshwa na kupondwa kwa ajili ya mtoto, kina mafunzo kuliko marubani wote wa ukurasa wa burudani.

Sasa niingie jikoni kwetu. Ningependa kuona swali hili likichapwa: kati ya viungo vya pilau, yaani mdalasini, iliki, pilipili manga, karafuu, bizari nyembamba, tangawizi na kitunguu saumu, ni kipi ambacho asili yake ni Afrika Mashariki? Jibu ni kwamba hakuna hata kimoja. Iliki na pilipili manga zimetoka kusini mwa India, mdalasini bora umetoka Sri Lanka, karafuu imetoka visiwa vya Maluku, bizari nyembamba imetoka upande wa mashariki ya Bahari ya Mediterania na nchi jirani zake, kitunguu saumu kimetoka Asia ya Kati. Swali la pili lifuate hapo hapo, ili msomaji asidhani kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu: ukwaju, ubuyu, kunde, mtama, ulezi, kahawa na tikiti maji asili yake ni wapi? Vyote ni vya Afrika. Watu wengi huudhania ukwaju kuwa wa India kwa sababu Wahindi wanautumia sana, ilhali mti wake ulianzia Afrika ya kitropiki. Kunde zilizopatikana katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, zimepimwa na kukutwa na umri wa takriban miaka 2,300, habari iliyotangazwa mwaka 2024. Yule mama anayechambua kunde kwenye ungo pale Busia anaendeleza kilimo chenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili katika eneo hilo hilo.

Wali nao una historia ambayo watu wa pwani wenyewe wanaisahau. Tunazungumza kana kwamba wali wa nazi umekuwapo Uswahilini tangu mwanzo. Kaskazini mwa Pemba kuna mahali pawili palipochimbwa na wanaakiolojia: Tumbe, palipokaliwa takriban kati ya mwaka 600 na 950, na jirani yake Chwaka, palipokaliwa takriban kati ya mwaka 1100 na 1500. Mtafiti Sarah Walshaw alichunguza punje zilizoungua katika meko na majalala ya kale ya mahali hapo, maana punje iliyoungua haiozi, na kwa hiyo kosa la mpishi wa miaka elfu moja iliyopita limetuachia ushahidi. Tumbe nafaka kuu ilikuwa uwele. Chwaka mpunga ndio uliotawala. Ina maana kwamba ndani ya karne chache watu wa kisiwa kimoja walibadilisha chakula chao kikuu, katika kipindi kile kile ambacho miji ilikuwa ikikua, misikiti ya mawe ikijengwa na karamu za wenye nyumba kubwa zikiongezeka. Swali moja la chemsha bongo, lenye jibu la neno moja, uwele, lingeweza kumfungulia msomaji mambo yote hayo.

Nakuja kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331, kwa sababu maelezo yake ya chakula ni hazina na pia ni mahali ambapo wanakili huteleza. Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sinia kubwa la mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Waliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyoambatana na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alishangaa jinsi wenyeji walivyoweza kula, akasema mmoja wao hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Alipofika Mombasa aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki, kwamba nafaka huletwa kutoka bara ya pwani, na akaeleza tunda dogo linalofanana na zeituni, lenye kokwa na tamu sana, ambalo mtu yeyote aliyekulia Mombasa atalitambua kuwa ni zambarau.

Tatizo liko katika achari. Pamoja na ndimu anataja vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, na wapo wanaoandika kwamba Ibn Battuta alikula pilipili kali za kwetu, hizi pilipili kichaa na pilipili mbuzi. Haiwezekani. Pilipili za jamii hiyo zote asili yake ni Amerika, na hakuna iliyovuka bahari kuja upande huu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Alichokula kilikuwa cha jamii ya pilipili manga, kutoka India. Tarehe imetusaidia tena: 1331 iko kabla ya 1492, basi. Kwa kipimo hicho hicho mwanafunzi anaweza kuondoa katika meza ya Sultani wa Kilwa wa enzi hizo mahindi, muhogo, karanga, nyanya, maharage, viazi mviringo, viazi vitamu, papai, nanasi na korosho, kwa kuwa vyote hivyo ni vya Amerika na vilitufikia baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari zote mbili. Ugali wa mahindi, ambao Mtanzania au Mkenya huapa kuwa ndio asili yake, ni mgeni kuliko misikiti ya Kilwa. Mabibi zetu walisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi.

Lakini kuwa mgeni hakumaanishi kwamba zao halina historia hapa, na muhogo ndio mfano ninaoujali kuliko yote, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea katika milima ninayoiona kutoka nyumbani kwangu Muheza.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea huko Amani, Usambara Mashariki, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakakiendeleza. Wakulima wa muhogo wa eneo hili walikuwa wakisumbuliwa na magonjwa mawili. La kwanza ni batobato, ambalo liliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka nchi hii hii: jani linakuwa na mabaka ya njano, linajikunja na kudumaa, na mmea unakosa nguvu ya kujaza mizizi. Huenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapokata pingili kutoka kwenye shina lenye ugonjwa na kuzipanda. La pili ni michirizi ya kahawia, ambalo mtaalamu wa Amani, H. H. Storey, alilieleza mwaka 1936. Hili ni la hila. Shamba linaweza kuonekana zuri machoni, mama akang'oa muhogo mnene kwa ajili ya chakula cha mchana, na anapoukata kwa kisu anakuta ndani mabaka ya rangi ya kahawia, makavu na magumu, yasiyoiva kwa moto wowote. Atakata vipande vizuri, atatupa vibaya, na mara nyingine atautupa wote.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliamua kutafuta kinga nje ya muhogo wenyewe. Waliuchavusha na miti ya jamii yake, ukiwamo ule mpira wa Ceará ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi Tanga kwa ajili ya utomvu, na ambao ulikuwa haushambuliwi sana na batobato. Chotara wa kwanza walistahimili ugonjwa lakini mizizi yao haikufaa kuliwa, hivyo waliwarudisha tena kuchavushwa na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi ikapatikana mimea yenye mizizi ya kulika na kinga pamoja. Kazi hiyo iliyoanza miaka ya 1930 iliendelea hadi miaka ya 1950. Kabla ya kufungwa, mbegu zake zilipelekwa nchi nyingine za Afrika, ikiwamo Nigeria, ambako ilichaguliwa aina iliyopewa namba 58308. Baadaye Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki ya Ibadan iliitumia aina hiyo kama mzazi wa aina zake bora. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda na watu wakakosa chakula, baadhi ya aina zilizowainua tena wakulima zilitokana na kazi hiyo ya Ibadan, na kwa hiyo zilibeba damu ya Amani.

Aina nyingine kutoka Amani, yenye namba 46106/27, haikwenda mbali. Wakulima waliichukua, wakaipenda kwa kuvumilia michirizi ya kahawia, wakaipandisha wenyewe kwa kupeana pingili. Huku Tanzania inajulikana kama Namikonga, na pwani ya Kenya inajulikana kama Kaleso. Watafiti wa leo wanaitumia kama mzazi wa aina mpya. Mhariri, watu wangapi katika wasomaji wako wamekula Namikonga iliyochemshwa kwa nazi bila kujua kwamba iko katika vitabu vya kisayansi? Na ni mara ngapi tumewauliza watoto wetu nani alibuni sandwichi?

Nina mfano mmoja zaidi, wa Bahari yetu ya Hindi, kuhusu ladha ambayo watoto hukutana nayo katika aiskrimu na keki. Vanila ni mmea wa Mexico. Ulipopelekwa kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, ulistawi na kutoa maua lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao wanaouchavusha hawakuwapo. Mwaka 1841 mtoto mtumwa aliyeitwa Edmond, mwenye umri wa miaka 12, aligundua namna ya kuuchavusha kwa mkono. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Ndani yake kuna utando mdogo unaotenganisha chavua na sehemu inayoipokea. Edmond aliuinua utando huo kwa kijiti chembamba, kisha akabonyeza sehemu hizo mbili kwa kidole gumba zikagusana. Sekunde chache, na ganda la vanila likaanza kukua. Alizungushwa mashamba mbalimbali ya kisiwa awafundishe watumwa wengine. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 alipewa jina la ukoo Albius, akafariki mwaka 1880 akiwa fukara, wakati wenye mashamba walikuwa wametajirika. Mtaalamu mmoja wa mimea alidai baadaye kwamba yeye ndiye aliyeigundua njia hiyo, na aliyekuwa bwana wa Edmond ndiye aliyeandika kumtetea. Mkulima wa vanila wa Komoro, wa Madagaska au wa Mukono nchini Uganda anafanya hadi leo kile kile alichokifanya mtoto yule, ua kwa ua. Réunion na visiwa vingine vya Wafaransa vilinunua watumwa wengi kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitia saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Historia ya keki ya siku ya kuzaliwa inapitia Kilwa, na mtoto anayeikata ana haki ya kulijua hilo atakapofikia umri wa kulielewa.

Karafuu nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa wengi wanaifahamu: kwamba Wafaransa waliiiba miche yake Maluku mwaka 1770 na kuipeleka Mauritius, kwamba ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kulimwa kwa jasho la watumwa, kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza. Kisichoulizwa ni nani alikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 20. Ilikuwa Indonesia, nchi yenye Maluku yenyewe, iliyozihitaji kwa ajili ya sigara zake za karafuu.

Kwa heshima, basi, naomba mambo manne kwa ukurasa huo. Kila jibu liambatane na mwaka na mahali habari ilipoandikwa mara ya kwanza, hata kama ni kwa herufi ndogo. Habari isiyo na ushahidi ichapwe ikiwa na alama ya ngano, maana ngano nazo ni mali ya watu na sipendi zifutwe. Walau nusu ya maswali yahusu mazao, viungo na mapishi ya huku tunakoishi, na waandishi wako wawaendee watu wa vituo vya utafiti vya Kibaha, Naliendele na Maruku, pamoja na wazee wa Pemba, Lamu na Kagera, kabla ya kuifungua intaneti. Na jibu likionekana kuwa na kosa, kisahihisho kitoke katika ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, kwa kuwa anayesoma chemsha bongo hasomi tangazo dogo la masahihisho lililowekwa ukurasa wa pili.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha maswali niliyoyaandaa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, kila moja likiwa na jibu, mwaka na chanzo. Unaweza kuyatumia bila malipo na bila kunitaja. Naomba tu lile la Namikonga lisikatwe kwa sababu ya nafasi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga